Wasemaji wa Kaze

Hapana mwanangu, nani kakwambia walikuwa wamelewa? Pombe haikuwepo. Kwa Usumani? Thubutu! Palikuwa na fanta, maziwa ya mgando, na chai ya tangawizi kwenye chupa kubwa, basi. Wale watu walisimama wote kwa pamoja na akili zao timamu, kila mtu kasafisha koo lake. Na mimi hata leo nasema afadhali wangekuwa wamelewa. Mlevi unamshika mkono, unamkalisha, anakuchekea. Lakini mtu mzima aliyevaa koti, aliyeambiwa kwa maandishi kwamba yeye ndiye msemaji, huyo utamkalisha vipi?

Ngoja nitie uzi kwenye sindano. Suruali yako nitaipunguza, usiwe na wasiwasi, lakini habari hii husikilizi nusu nusu. Vuta hicho kigoda.

Kosa lilikuwa la ukurasa. Si wa kitabu, ni ule wa intaneti. Aliutengeneza mjukuu wangu Mahoro, dada yake Kaze. Kaze ndiye bwana harusi mwenyewe, yule mrefu anayefanya kazi ghalani kule Masoro, akipita hapa lazima ainame kwenye mlango. Siku ile tulikuwa tunakwenda kumwombea mke. Wanyarwanda wanaita gusaba, sisi wa Kiswahili tunasema posa, jambo ni lile lile. Mnakaa huku, wenye binti wanakaa kule, mnatazamana, halafu wazee wawili, mmoja wa kila upande, wanapigana kwa maneno mpaka mtoto wa watu atolewe. Na kabla halijasemwa lile neno "tumempa," hakuna sahani inayofunuliwa. Pilau utainusa tu.

Binti ni Akimana, mtoto wa Usumani. Usumani si unamjua, muuza vitambaa, hapa hapa Kicukiro, kwao Ngara. Mtu mzuri sana, lakini mkavu. Binti yake mkubwa alimwoza kwa watu ambao kila mjomba alikuwa na neno lake na kila shangazi na amri yake, mtoto wa watu hakujua amsikilize nani, akarudi kwa baba yake na masanduku. Tangu hapo Usumani akawa na hofu. Kaze alipokwenda kujionyesha, mimi nipo, mzee alimwambia hivi: "Kijana, Akimana nitampa nyumba yenye kichwa kimoja. Nyumba yenye vichwa vingi ni soko, na mimi sokoni nimekaa miaka, nakujua. Siku mtakayokuja nikiona fujo, nafunga mlango, na sitaufungua tena."

Kaze alirudi pale nyumbani, chakula hakipiti. Nikamwambia kula, tutakwenda na msemaji mmoja tu, na msemaji tunaye.

Msemaji alikuwa Twagirayezu, rafiki yangu, fundi redio wa zamani. Kinyarwanda chake ukikisikia unataka kuvua kofia. Kiswahili chake alikiokota Goma, kina mashimo kidogo, lakini anakiendesha hivyo hivyo na kinafika. Upande wa pili tulijua watamweka Laurean, Mhaya, karani wa kampuni ya malori, ulimi wake ni wembe. Sasa mimi nikawaza kama kocha wa mpira. Kocha mjanja hatangazi mchezaji wake mapema. Nikasema jina la msemaji wetu lisijulikane mpaka siku yenyewe, maana Laurean akijua ni Twagirayezu, atakwenda kutafuta vituko vyake vyote vya ujanani, na viko vingi.

Hapo ndipo Mahoro akaja na ukurasa wake.

Joselyne alikataa. Joselyne ni binti yangu, shangazi yao hawa watoto. Yeye alitaka kadi, karatasi ngumu yenye dhahabu pembeni. "Mwaliko wa kubonyeza?" akasema. "Mtu ukimwalika kwa kumbonyeza atakuja kwa kubonyezwa?" Mahoro akacheka, akanigeukia mimi. Yule mtoto anajua akinipata mimi kamaliza kazi.

"Babu," akasema, "kadi ni moja kwa watu wote. Ukurasa wangu kila mgeni atauona wa kwake. Jina lake, mahali pa kukaa, na kazi yake siku ile."

"Utaandika kurasa za watu wote hao? Utazeeka."

"Siandiki kurasa, naandika kiolezo kimoja. Maneno ya wote nayaandika mara moja: karibu, saa, mahali. Pale panapobadilika naacha tundu, na ndani ya tundu naandika amri. Angalia."

Akanionyesha kwenye kompyuta. Maandishi ya kawaida, Kiswahili safi, Karibu sana, halafu ghafla katikati kuna alama kama ndege wawili waliogombana, mdomo wa mmoja kushoto, wa mwingine kulia, kila mmoja na alama ya asilimia kifuani, na katikati yao vineno vidogo.

"Hiyo ni amri kwa seva," akasema. "Seva ni kompyuta iko mbali, haizimwi. Mgeni akifungua, seva inasoma kiolezo, ikifika kwenye tundu inaangalia ni nani anafungua, inaweka jina lake pale, inafuta zile alama, inampelekea ukurasa uliokwisha. Yeye haoni amri hata moja. Anaona jina lake tu."

"Ah," nikasema, "patroni!" Si unaiona ile karatasi ukutani? Hiyo ni patroni ya shati. Nakata kwa hiyo hiyo, lakini kifua ni chako na mikono ni yako. Mvaaji hajui kama kuna karatasi. Mahoro akasema ndiyo babu, ni patroni, sema hii inakata yenyewe kila mtu akibisha hodi. Nikamuuliza huyo seva analala saa ngapi. Akasema halali. Nikasikia huruma.

Basi akautengeneza. Juu akaweka jina la mgeni na kazi yake, chini picha ya Kaze, chini kabisa ramani ya kwenda Rebero, maana sherehe ilikuwa kule juu, kwenye bustani moja ya kukodi. Na kwa Twagirayezu tukaandika: "Wewe ndiye msemaji wetu. Utaketi kiti cha mbele, kulia kwa babu. Tafadhali usimwambie mtu yeyote, hata jamaa, upande wa pili wasije wakajiandaa." Hayo ya mwisho niliyasema mimi mwenyewe, kwa ujanja wangu wa kocha.

Joselyne alipoona, akasema maneno mengi yako juu, yanaziba uso wa mtoto. Teremsha hiyo habari ya kazi huko chini, iwe pamoja na ramani. Mahoro akateremsha. Jambo dogo, si ndiyo?

Halafu Twagirayezu akaja hapa dukani kujaribu. Alikaa hapo ulipokaa wewe. Akabonyeza. Tukangoja. Ile ramani ni nzito bwana, nilimaliza kola nzima bado kile kiduara kinazunguka.

"Huyu seva wenu iko anatembea na mguu?" Twagirayezu akauliza.

Ukafunguka. "Yewe! Jina yangu! Na kiti ya mbele!" Akafurahi kama mtoto. Lakini Mahoro hakufurahi. Uso umemshuka kwa ule uzito. Akafungua kompyuta yake papo hapo, akaiambia seva: kile kipande cha chini, kipande cha ramani, ukishakijaza mara moja kiweke pembeni, mwingine akija usikijaze tena, mpe kile kile. Ramani si ni moja kwa wote? Kwa nini ukate kila mara kitu kisichobadilika? Hata mimi mifuko naikata mingi kwa pamoja. Twagirayezu akafungua tena, paap, ukaja. Jina lake, picha, ramani, kazi yake, kila kitu sawasawa. Tukapongezana, tukaagiza chai na chapati.

Wewe umeshaona, eh? Unacheka. Sisi hatukuona. Kazi ya mtu ilikuwa imehamia kwenye kipande cha ramani. Na kile kipande seva alikishona kwa Twagirayezu, akakiweka, halafu akaanza kuwagawia watu wote. Juu jina lako wewe, sahihi kabisa. Chini: Wewe ndiye msemaji wetu, usimwambie mtu yeyote.

Na hawakuambiana! Watu wa familia hii, ambao ukinunua sufuria mpya wanajua kabla hujafika nayo nyumbani, mara hii wakanyamaza. Kila mtu akajiona kachaguliwa. Mimi simu yangu ni ya vibonyezo, sikupata ukurasa. Niliona tu watu wamebadilika. Joselyne anaoga anazungumza peke yake. Mjomba mmoja kaja kushona koti jipya, namuuliza la nini, anatabasamu tu. Nikasema mapenzi ya Kaze yametuunganisha, alhamdulillahi.

Siku ikafika. Pale Rebero kuna upepo mzuri, Kigali yote unaiona chini, vilima na mabati. Tulipokusanyika getini, jambo la kwanza likanishangaza: vikapu. Vile vikapu vya zawadi, vyenye mifuniko mirefu, vimewekwa chini na hakuna wa kuvibeba. Namwambia huyu beba, anakohoa, anaangalia pembeni. Namwambia yule, anasema mgongo. Nikamwomba Kipchumba, bosi wake Kaze kule Masoro, Mkenya mnene mwenye heshima zake, asaidie na kimoja tu.

"Mzee, ningebeba," akasema, "lakini leo sitaweza. Utaelewa baadaye." Akajipapasa mfuko wa koti, mle ndani karatasi inalia kwacha kwacha.

Mwisho vikapu vilibebwa na Kaze mwenyewe na Mahoro. Bwana harusi na kikapu kichwani! Nikasema tutaulizwa.

Kuingia ndani, viti. Kulia kwangu kuna kiti kimoja. Twagirayezu kakaa, na fimbo yake, na kanzu nyeupe. Mara Kipchumba anamwambia, samahani mzee, hapo ni pangu. Mara yule mjomba wa koti jipya anavuta kiti kutoka nyuma anakichomeka katikati. Joselyne naye akaja na chake, na mwingine, na mwingine, mpaka mstari wa mbele ukawa umebanana kama vifungo vya kanzu ya zamani, na nyuma viti vitupu. Nawauliza nini? Wananiambia, babu tulia.

Laurean akasimama upande wa pili. Suti ya kijivu, kitambaa mfukoni. Akatusalimu vizuri, akamsifu Usumani, akasifu upepo. Halafu akasema, "Tunaona wageni, hatujui shida yao. Labda wamepotea njia. Basi, yule anayewasemea asimame, tumsikie."

Wakasimama.

Mwanangu, mstari wote! Ule mlio wa viti tu ulitosha. Na wote wakaanza kwa pamoja, "Waheshimiwa wazee," "Asalaam alaikum," "Kwa niaba ya familia," Kipchumba na karatasi yake, Joselyne na sauti ya juu kabisa. Kisha wakasikiana. Wakageuka wakatazamana, kila mmoja anamtazama mwenzake kama mwizi wa kuku.

Laurean hakukosa lake. "Ndugu zangu," akasema, "tuliomba mshenga, mmetuletea bunge. Spika ni nani?"

Upande wao wakaangua kicheko. Wetu wakaanza kubishana. "Mimi nimeandikiwa!" "Hata mimi nimeandikiwa, soma!" Simu zikatoka mifukoni. Joselyne anasema, "Jina langu hili hapa, nilisema leo familia imefungua macho imemchagua mwanamke, kumbe mlikuwa mnanichezea?"

Usumani hakucheka. Alisimama polepole, akaweka kikombe chake chini. 

"Mzee Ilyasi," akaniambia, kwa heshima kabisa, na ile heshima ndiyo iliniumiza. "Nilisema mapema nikiona fujo nitafanya nini. Sitaki kuwaaibisha. Kunyweni chai yenu. Ikimalizika, mrudi nyumbani salama."

Nikamtazama Kaze. Kakaa nyuma, mikono juu ya magoti, anaangalia lile pazia la hema ambalo Akimana alikuwa amefichwa nyuma yake.  Kijana mrefu vile, akawa mfupi.

Na mbaya zaidi, kiti cha kulia kwangu kilikuwa kitupu. Twagirayezu kaondoka.

Nikamwomba Usumani atupe muda wa chai tu, ile chai aliyosema mwenyewe. Akatikisa kichwa, sawa. Nikatoka na magoti yangu haya. Mahoro kanitangulia, anakimbia na viatu mkononi. Tukamkuta Twagirayezu barabarani anapungia mkono pikipiki.

"Mimi naenda," anasema. "Mimi siko mtoto. Nimefua kanzu, nimefundisha maneno mbele ya kioo mpaka mke yangu akahama chumba. Kumbe kiti yangu mmegawa kama karanga!"

Mahoro akapiga magoti pale pale kwenye lami. "Mzee, kosa ni langu. Hakuna aliyegawa. Naomba uangalie."

"Siangalii."

"Dakika moja."

"Siangalii!" Lakini jicho likashuka kwenye simu. Unajua fundi redio, ukimfungulia chombo nyuma lazima achungulie.

Mahoro akamwonyesha kile kiolezo kitupu, na wale ndege wake. "Hapa juu ni tundu la jina, seva inajaza kila mara upya. Huku chini ni kile kipande nilichoiambia ikiweke, wewe ulipolalamika inatembea kwa mguu. Wewe ndiye uliyefungua wa kwanza. Kwa hiyo kile kipande ni chako. Hawakupewa kiti kingine, mzee. Wote wamevaa koti lako."

Twagirayezu akaisogeza simu karibu na macho. "Kipchumba," akasema, "amevaa koti yangu?"

"Ndiyo."

"Itamupasukia mgongo."

"Itapasuka, mzee."

"Na Joselyne?"

"Naye."

Akafikiri. "Huyo inamukaa."

Nikaona bega lake linatikisika, nikajua anacheka kwa ndani. Pikipiki ikaja, akaiambia endelea na safari. Akabaki anaangalia ile simu. "Hii matundu," akauliza, "seva anajaza na akili yake?"

"Seva haina kitu chake. Jina inachukua kwa mwenye jina. Kiolezo ndicho kinapanga tu, hiki kwanza, hiki baadaye."

"Na tundu ikikosa mtu?"

"Inabaki wazi, mzee. Inaonekana aibu."

"Nirudishieni fimbo yangu," akasema, na fimbo alikuwa nayo mkononi.

Tukaingia. Chai ilikuwa inaisha. Twagirayezu hakukaa, alisimama katikati, kati ya pande mbili. Akamweleza Usumani waziwazi kisa chote, ukurasa, kipande, uzito wa ramani. Akamwita Mahoro mbele, akasema fundi huyu, amekosea, na amekubali kabla ya kuulizwa. Kisha akasema, "Usumani, wewe unaogopa vichwa mingi. Una haki. Kichwa iko moja, ni mimi. Hawa iko mashahidi. Mimi nitasema, na pahali nitasimama, yule nitamuonyesha fimbo atajaza. Akisema bila fimbo, wewe funga mlango."

Laurean akamtazama Usumani. Usumani akakaa. Hakusema ndiyo, alikaa tu. Lakini kukaa nako ni neno.

Twagirayezu akaanza. Akapitia mababu, akapitia ng'ombe, mambo yote ya desturi, kwa kile Kiswahili chake chenye mashimo na hakuna aliyecheka. Halafu akasema, "Kijana yetu, kwa kazi, yeye..." Akanyamaza. Fimbo ikamwelekea Kipchumba.

Kipchumba akatoa karatasi yake ndefu. Mahoro kwa nyuma akanong'ona, "Jaza tu, bosi!" Yule Mkenya akaiangalia karatasi, akaikunja, akairudisha mfukoni. "Kaze akishika funguo za ghala," akasema, "mimi huenda nyumbani nikalala. Ni hayo tu." Akakaa.

Twagirayezu akaendelea pale pale, kama uzi haujakatika. Kwa wazee, yeye... mjomba akajaza. Kwa majirani, yeye... mwingine akajaza. Wengine walijaza vibaya, mmoja alisema Kaze ni mfupi wa maneno akasahau alikuwa anataka kusema nini, lakini hakuna aliyeruka zamu yake.

Laurean akaona mambo yanakwenda, akatega. Akamrukia Joselyne moja kwa moja, nje ya zamu. "Mama, na akikasirika, anakuwaje?"

Joselyne akafungua mdomo. Namjua mwanangu, ukimuuliza jambo humalizi kuuliza. Akaufunga. Akamgeukia Twagirayezu, midomo kaibana hivi, mashavu yamevimba. Twagirayezu akamwacha hivyo kidogo, nafikiri kwa raha zake, halafu akainua fimbo.

"Akikasirika anaosha vyombo!" Joselyne akalipuka. "Tukiona masufuria yanang'aa tunaulizana nani kamuudhi!"

Nyuma ya pazia mtu akacheka kwa sauti, mpaka akakohoa. Alikuwa Akimana. Bibi harusi hatakiwi kusikika, lakini alisikika, na Usumani akageuza shingo kuangalia kule, na uso wake ukalainika kidogo tu, kama kitambaa kipya kikipigwa pasi.

Akainua mkono. "Mimi nina swali moja," akasema, "na nalitaka bila utani. Siku wakigombana, binti yangu ataambiwa aende kwa nani? Kati yenu nyote, nani atakuwa na neno?"

 Mstari wote ule, na makoti yao, na karatasi zao. Wote walimtazama Twagirayezu. Na Twagirayezu akatazama chini.

"Hiyo," akasema, "mimi sina. Hakuna shahidi ana." Akageuka, fimbo ikapita juu ya vichwa vyetu mpaka nyuma kabisa, ikasimama kwa Kaze.

Bwana harusi hasemi siku ya posa. Haijawahi. Kaze akasimama, akagonga kichwa kwenye mti wa hema. "Aniambie mimi," akasema. "Kwanza mimi. Tukishindwa, tutakuja kwako, baba. Wote wawili pamoja. Hatakuja peke yake."

Usumani akavua miwani, akaipangusa, na vumbi haikuwa nalo. Ndipo akasema, "Laurean, unangoja nini? Waambie tumempa."

Vigelegele, mwanangu! Mahoro alilia mpaka kamasi. Akimana akatoka na mushanana wake wa kijani, lile vazi la sherehe la Kinyarwanda, anatembea kwa madaha yale ya kufundishwa, akafika mbele ya Kaze akasahau mafunzo yote, akamuuliza, "Umeumia kichwa?"

Na chakula? Usiulize. Pilau ipo, isombe ipo, yaani kisamvu, ndizi, mishikaki ya mbuzi, vyote kwenye masufuria, na wa kupakua hakuna! Si wote waliandikiwa wao ni wasemaji? Nani aliandikiwa kupakua? Twagirayezu akainua tena fimbo yake. Kipchumba akavua koti, akabeba sufuria la pilau kifuani anatoa jasho, "Pisha, pisha, moto!" Mjomba akagawa sahani. Laurean mwenyewe na suti yake ya kijivu akashika birika la kunawisha mikono, akawa anamwagia kila mtu na neno lake la kejeli. Viti vikavutwa vikachanganyika, ikawa hujui tena nani wa huku nani wa kule. Usumani akaja na sahani yake, akakaa kulia kwangu, pale pale palipogombaniwa, na hakuna aliyemwambia samahani hapo ni pangu.

Joselyne tu ndiye alikuwa bado kasimama, kijiko mkononi, anawasimulia watu wa Usumani ile hotuba yake ambayo hakuitoa, tangu mwanzo.

"Mama," Usumani akamwambia, "kaa. Inapoa."

Akakaa. Nikasema bismillahi, tukala.